Barabara Baada ya Bomu

Mwaka wa 1919, afisa kijana wa jeshi la Marekani, Dwight Eisenhower, alisafiri na msafara wa malori ya kijeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Siku 62! Malori yalizama matopeni, madaraja ya mbao yakavunjika. Mwaka wa 1956, sasa akiwa rais, alitia sahihi sheria ya kujenga maili 41,000 za barabara kuu, na neno “ulinzi” likatiwa kwenye jina lao rasmi. Ati bomu la nyuklia likikaribia, watu watatoroka mijini kwa magari. Na foleni je?

Mwandishi Roger Zelazny aliiwaza barabara hiyo vita vikiwa vimeshapita. Katika riwaya yake ya 1969, Damnation Alley, kati ya Los Angeles na Boston kumebaki dhoruba, mionzi na wanyama wa kutisha. Boston kuna tauni. Anayetumwa kupeleka dawa si mwanajeshi, ni Hell Tanner, jambazi wa pikipiki aliyeahidiwa msamaha. Wapangaji walichora njia ya kutoka mjini. Tanner anapita njia mbovu akiingia.