Ukuta Usionyooka

Fundi wa leo wa Temeke au Tegeta akiitwa kwenye nyumba kongwe ya mawe, kwanza hushusha timazi. Akiona ukuta umevimba huku na kubonyea kule, anaagiza saruji aupige lipu nene mpaka unyooke. Dawa hiyo ni ngeni kwa ukuta wenyewe. Waliojenga Boma la Kale la Dar es Salaam mwaka 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid, au makaburi ya Kunduchi yaliyopachikwa sahani za Kichina, walitumia matumbawe. Jiwe hilo lina vitundu tele, na hewa iliyomo hupunguza kasi ya joto. Halikuchongwa kama tofali. Lilipangwa lilivyo, mianya ikazibwa kwa vijiwe, likashikwa kwa chokaa. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyorundikwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakaachwa yanyeshewe mvua hadi yalegee. Mikunjo ya ukuta, basi, ilitokana na jiwe lenyewe, na chokaa iliifuata mikunjo hiyo bila kuifunga: unyevu uliopanda kutoka ardhini ulipata pa kutokea.

Saruji huziba njia hiyo. Kiwanda cha saruji cha kilima cha Wazo kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, mawe ya chokaa ya kilima kile yaligeuka unga unaoshika haraka na kuwa mgumu, na macho yetu yakazoea kuta zilizonyooka. Kwa tofali za saruji, lipu hiyo inafaa kabisa. Juu ya matumbawe, unyevu hukwama nyuma yake, chumvi huganda na kusukuma, na baada ya misimu kadhaa ya masika ukiugonga ukuta unasikia mlio wa mtungi mtupu. Muda si mrefu lipu hubanduka vipande vipande, ikiwa imeng'ang'ania vumbi la mawe.

Atauliza mtu: nyumba za mawe Temeke zipo ngapi? Ni chache, kweli. Walio wengi walikaa katika nyumba za Kiswahili za miti, fito na udongo. Lakini kiambaza nacho kilikandikwa kwa mkono, hakikunyooka, na kilipopakwa chokaa kiliendelea kupumua. Tabia yake ni ileile. Pingamizi zito zaidi linahusu ubaridi: ukuta mnene wa mawe hutunza joto la mchana na kulitoa usiku, watu wakiwa wamelala. Nakubali, na ndiyo maana ukuta peke yake hautoshi katika pwani yenye fukuto kama yetu: unahitaji madirisha yanayopitisha upepo. Tena, tangu bati lichukue nafasi ya makuti, joto jingi hushuka kutoka juu. Mwenye nyumba anayetaka ubaridi aanze na dari, ndipo ukuta ufuate: saruji ibanduliwe, mashimo yajazwe vijiwe na chokaa, kisha ipakwe chokaa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri lililotangulia likauke, na uvimbe wa jiwe uachwe uonekane.