Andika (fonti)

Andika ni fonti ya kompyuta iliyotengenezwa na shirika la SIL International kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Jina lake ni neno la Kiswahili.

Fonti za mwandiko wa kuunganisha, kama Mistral ya Roger Excoffon (1953), hutumika kupamba kadi za mialiko na mabango. Andika haina mapambo, lakini herufi zake ndogo a na g hufuata umbo la mwandiko wa mkono. Herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1 hutofautishwa ili msomaji mpya asizichanganye.

Kiswahili kina irabu 5, lakini Kinyaturu cha mkoa wa Singida kina irabu 7. Kwa lugha za namna hiyo, Andika ina herufi za ziada kama ɨ na ʉ. Hupatikana bure kwa leseni huria.