Kufuli lisilofichwa: kutoka ngoma ya Yakusu hadi OpenSSL

Kisangani – Mama aliyekimbia mapigano ya Lubunga mwaka 2023 anaweza leo kukaa kivulini katika komini ya Makiso, simu mkononi, akamwandikia barua pepe mwanawe aliye Goma au Kampala. Maneno yake yanaruka kutoka mnara hadi mnara na kupita kwenye mashine za watu asiowajua. Njiani yamefumbwa, na anayeyadaka haoni ila herufi zilizovurugika. Mara nyingi, upande wa mashine zinazopokea, kazi hiyo inafanywa na programu inayoitwa OpenSSL. Haiuzwi, na maandishi yake yote yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. (Kutuma franga kwa kubonyeza nyota na tarakimu ni njia nyingine, inayolindwa na mtandao wa simu wenyewe.)

Kwa watu wengi jambo hilo ni ajabu. Kufuli gani ambalo fundi wake anamwonyesha hata mwizi jinsi lilivyotengenezwa?

Kandokando ya mto huu watu wanajua kutuma habari mbali tangu zamani. Walokele wa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, walizungumza kwa ngoma ya mti iliyofuata sauti ya juu na ya chini ya lugha yao. Kila mtu aliisikia, ila aliyeijua lugha ndiye aliyeelewa. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefundisha Yakusu, aliisoma lugha hiyo ya ngoma na kuiandikia kitabu mwaka 1949. Ngoma haikuwa na ufunguo wa kubadilisha. Mgeni akishaielewa, ameielewa siku zote.

Serikali zilitaka siri kali zaidi, zikanunua mashine. Kampuni ya Uswisi, Crypto AG, iliuzia nchi zaidi ya 100 mashine za kufumba telegramu. Mwezi Februari 2020 waandishi wa habari wa Marekani, Ujerumani na Uswisi walifichua kwamba tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa mali ya CIA na shirika la ujasusi la Ujerumani Magharibi, na kwamba mashine nyingi zilichezewa ili wenyewe wazisome. Katika orodha ya wanunuzi limo jina la Zaire, na la Tanzania pia. Mobutu alilipa ili asisikilizwe, kumbe aliyemuuzia kufuli alibaki na ufunguo wa pili. Sanduku lilikuwa limefungwa, nani angejua?

OpenSSL ilitoka upande mwingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Netscape ilibuni SSL, utaratibu wa kufumba mazungumzo kati ya kompyuta mbili. Lakini sheria za Marekani wakati ule zilibana kupeleka ufumbaji wenye nguvu nje ya nchi. Huko Australia, Eric Young na Tim Hudson wakaandika yao kuanzia mwaka 1995, SSLeay, na kuitoa bure. Walipoiacha mwaka 1998, wengine waliichukua, na Desemba mwaka huohuo ikatoka kwa jina la OpenSSL. Ulinzi wake hautegemei kuficha jinsi kufuli lilivyoundwa. Unategemea ufunguo, ambao ni namba kubwa sana, na kila mashine inatunza wa kwake.

Ila kuwa wazi si sawa na kutazamwa. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 2011, kipande kipya kiliingizwa ndani yake. Kilikuwa cha kuulizana tu: mashine moja inatuma neno, nyingine inalirudisha, ili kujua kama bado zimeunganishwa. Kosa lilikuwa dogo. Mtu angeweza kutuma neno fupi huku akidai ni refu sana, na mashine ilimwamini. Ili kujaza nafasi, ikachota hadi kilobaiti 64 kutoka kwenye kumbukumbu yake, pamoja na maneno ya siri ya watu wengine na hata funguo zenyewe. Kosa hilo lilikaa zaidi ya miaka miwili. Neel Mehta wa Google na wahandisi wa Codenomicon ya Ufini waliliona, kila upande peke yake, na tarehe 7 Aprili 2014 likatangazwa kwa jina la Heartbleed. Nchini Kanada, mamlaka ya kodi iliibiwa namba za watu 900 hivi.

Hapo ndipo dunia ilipouliza ni nani hasa analitunza kufuli hilo. Jibu liliaibisha. Programu iliyobeba siri za mabenki na serikali ilikuwa ikipata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kazi hiyo kutwa nzima. Baada ya aibu hiyo, makampuni makubwa yalikubali kutoa dola 100,000 kila moja kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kupitia Linux Foundation, na OpenSSL ikapata mafundi wa kulipwa.

Dawa ya kosa lenyewe ilitolewa siku ileile lilipotangazwa. Lakini baadhi ya simu za Android 4.1.1 nazo zilikuwa na ugonjwa huo, na dawa yake ilibidi ipitie kwa mtengenezaji wa kila simu. Aliyekuwa na simu ya aina hiyo, hasa ya mtumba ambayo mtengenezaji ameshaisahau, alibaki nayo hivyo.