Kima, papa na moyo ulioachwa mtini: kwa nini hadithi hufanana duniani

Kwa nini ngano za watu wasiojuana hufanana, na kwa nini msikilizaji wa Zanzibar na yule wa Korea huguswa na kisa kile kile? Wataalamu wamelijadili swali hili kwa zaidi ya miaka 150. Njia nyepesi ya kulifahamu ni kuifuata hadithi moja katika safari yake.

Kisa chenyewe

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu, alichapisha mjini London mkusanyiko wa ngano alizosimuliwa Zanzibar. Miongoni mwake mna kisa cha punda wa dobi.

Kima na papa walikuwa marafiki. Kima aliishi juu ya mkuyu uliosimama ukingoni mwa bahari, na kila siku akimwangushia papa matunda. Siku moja papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni. Walipofika kati ya bahari akamwambia habari iliyofichwa: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Kima hakulia wala hakuomba. Alijibu kwamba nyani na kima hawatembei na mioyo yao, bali huiacha mtini. Wakiihitaji, sharti warudi kuichukua. Papa akageuza njia. Kima alipougusa mkuyu akapanda, na hakushuka tena.

Papa alipomwita, kima alimjibu kwa hadithi nyingine. Punda mmoja alimtoroka dobi akakimbilia mwituni, akanenepa. Sungura akamlaghai, akampeleka kwa simba. Punda akajeruhiwa lakini akaponyoka. Sungura akamlaghai mara ya pili, na punda akarudi, akauawa. Simba alipoulizia moyo na masikio ya punda, ambavyo sungura amekwisha kuvila, aliambiwa kuwa punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingerudi.

Safari ya kisa

Visa hivi viwili, kimoja ndani ya kingine, vimo katika Panchatantra, kitabu cha Kihindi cha lugha ya Sanskrit. Huko rafiki msaliti ni mamba, na anayeutamani moyo ni mkewe. Anayemlaghai punda ni mbweha.

Katika karne ya 6 kitabu hicho kilifasiriwa katika Kiajemi cha kale, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mamba ameondoka, na kobe amekaa mahali pake. Wabudha nao wanacho kisa cha kima na mamba katika hadithi za Jataka, ambamo kima ni Buddha mwenyewe katika maisha yake ya awali.

Upande wa mashariki, kitabu cha historia cha Korea kiitwacho Samguk Sagi, kilichokamilishwa mwaka 1145, kinasimulia juu ya sungura na kobe. Mgonjwa ni binti wa mfalme wa bahari, na dawa ni ini la sungura. Sungura anajiokoa kwa kudai kuwa amelitoa ini lake, akaliosha na kuliacha chini ya jiwe.

Kwa upwa wa Afrika Mashariki, mkondo huu si wa kushangaza. Kwa karne nyingi majahazi yaliyosukumwa na kaskazi na kusi yaliunganisha Gujarat, Oman, Mombasa na Zanzibar. Hadithi haihitaji nafasi katika ngama, wala hailipiwi ushuru bandarini.

Wasemavyo wataalamu

Mwaka 1859 Mjerumani Theodor Benfey aliifasiri Panchatantra na kudai kuwa ngano nyingi za dunia zilianzia India. Kwa fikra hii, hadithi hufanana kwa sababu husafiri.

Mwaka 1910 Antti Aarne wa Finland aliziainisha ngano kwa namba. Kazi yake ikapanuliwa na Stith Thompson wa Marekani, na hatimaye na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Katika orodha hiyo, kima aliyeacha moyo nyumbani ni namba 91, na punda asiye na moyo ni namba 52.

Vladimir Propp wa Urusi aliuliza swali jingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1928 hakuchunguza nani ametenda, bali nini kimetendwa. Katika ngano za maajabu za Kirusi alikuta matendo 31 yanayofuatana kwa utaratibu ule ule: katazo, uvunjaji wa katazo, hila, safari, pambano, marejeo. Wahusika hubadilika; kiunzi hakibadiliki.

Naye Joseph Campbell wa Marekani, mwaka 1949, alidai kuwa visasili vyote vina safari moja: shujaa huaga kwao, hupita katika mitihani, kisha hurejea na tunu kwa watu wake. George Lucas alikiri kuathiriwa naye alipotunga filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, na tangu hapo kiunzi hicho kimefundishwa kwa waandishi wa filamu kama kanuni.

Kinachobaki na kinachobadilika

Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha mwaka 1932 jinsi kumbukumbu inavyoichonga hadithi. Aliwapa Waingereza kisa cha wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akawataka wakisimulie tena baada ya muda. Mtumbwi uligeuka mashua, na mambo waliyoyaona mageni yakapungua au yakapewa maelezo ya Kiingereza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kima. Mamba wa mtoni akawa papa wa baharini. Mbweha akampisha sungura, mjanja wa ngano za Kiafrika. Mke mwenye tamaa akawa sultani, kwa wasikilizaji walioishi chini ya usultani na kujua maana ya mtawala kuhitaji moyo wa mtu mwingine.

Kilichobaki ni kile ambacho kila jamii inakijua: urafiki, mwaliko, usaliti usiotazamiwa, na mnyonge asiye na silaha ila akili yake. Hicho ndicho kinachotugusa. Muundo hutufanya tungoje. Hofu yetu wenyewe hutufanya tujali.

Mipaka ya kiunzi

Hata hivyo, si kila hadithi inaingia katika kipimo cha Campbell. Kima hakuomba safari, hakushinda vita, wala hakurudi na tunu. Amerudi na uhai wake tu. Lakini kwa aliye mikononi mwa mwenye nguvu, hiyo ndiyo tunu kubwa kuliko zote.

Hadithi za namna hii ni nyingi: za sungura, na za Abunuwasi, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid ambaye pwani yetu imemfanya bingwa wa kuwazidi wakubwa kwa maneno. Waafrika waliotumwa Marekani nao walisimulia juu ya sungura, katika ngano ambazo Joel Chandler Harris alizichapisha mwaka 1880.

Vipimo vya kisasa pia vyataka tahadhari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont walichunguza kwa kompyuta hadithi zaidi ya 1,300 za lugha ya Kiingereza, wakaona mikondo sita mikuu ya hisia. Matokeo hayo yana thamani, lakini kilichopimwa ni maktaba ya lugha moja. Kuuita mkondo huo wa walimwengu wote, kabla ya kusikiliza ngano za Kihaya, za Kikamba au za Kingazija, ni kutoa hukumu kabla ya mashahidi kuitwa.

Hapa ndipo suala hili linapomhusu msomaji wa leo. Mwandishi kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayeambiwa kuwa shujaa lazima ashinde, atamwondoa kima katika mswada wake na kumweka mpiganaji. Na mzazi aishiye Muscat, London au Minneapolis anayeamini kuwa ngano zote ni moja, huenda akaona yatosha mwanawe kutazama filamu.

Mtoto huyo ataupata muundo. Hataupata mkuyu ulioinamia maji, wala sultani mgonjwa, wala jibu la kima kwa rafiki anayemwita ashuke: usinifanye punda wa dobi. Kiunzi chaweza kuhifadhiwa kwa namba katika orodha ya wataalamu. Mengine hayo huishi kwa kusimuliwa, na Steere mwenyewe aliyapata kwa sababu palikuwa na watu Zanzibar waliokubali kukaa na kumsimulia.