Kupimwa Mwaka Mzima: Historia ya Upimaji Endelevu na Kijana Mwenye Ugumu wa Kujifunza katika Jiji la Arusha na Eneo la Mlima Meru, 1967–2023

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya upimaji endelevu katika shule za sekondari za Tanzania Bara kwa kumwangalia mwanafunzi ambaye utaratibu huo haukumtaja waziwazi: kijana mwenye ugumu wa kujifunza. Istilahi hiyo inatumika hapa kwa maana ya kijana mwenye akili ya kawaida, anayeona na kusikia, lakini ambaye kusoma, kuandika au kuhesabu kunamwia kazi nzito kuliko wenzake wa rika lake. Huyu si mwenye ulemavu wa akili, ingawa shuleni mara nyingi ameitwa mzito, mvivu au mwenye kichwa kigumu. Eneo linaloangaliwa ni Jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru. Hoja kuu ni kwamba upimaji endelevu ulianzishwa ili kumpunguzia mwanafunzi uzito wa mtihani mmoja wa mwisho, lakini kadiri miaka ilivyopita uligeuka kuwa mfululizo wa mitihani. Kwa hiyo msaada anaouhitaji kijana huyu hauko nje ya mfumo; umo katika lengo la awali la mfumo wenyewe.

2.0 Elimu kama Urithi katika Mlima Meru

Uzito wa mtihani katika eneo hili hauwezi kueleweka bila historia ya ardhi. Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yaliwabana Wameru na Waarusha mlimani, nao walitegemea migomba, kahawa na mifugo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Kesi hiyo ilipata umaarufu, lakini haikumaliza uhaba wa ardhi. Kihamba kilichogawanywa kwa wana wa kizazi kimoja hakikutosha kugawanywa tena kwa wajukuu.

Katika mazingira hayo shule ilichukua nafasi ya kihamba. Mzazi asiyekuwa na ardhi ya kumrithisha mwanawe alimrithisha ada. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamejenga shule katika miteremko hiyo tangu mapema, na Ilboru, iliyotokana na juhudi zao, hatimaye ikawa sekondari ya serikali ya wavulana wenye vipaji. Sifa ya shule ya namna hiyo iliweka kipimo machoni pa jamii nzima. Kijana aliyefaulu alikuwa amepata urithi wake. Aliyeshindwa alirudi kwenye shamba ambalo tayari lilikuwa dogo. Ndiyo maana kushindwa mtihani mlimani Meru hakukuwa suala la cheti peke yake. Lilikuwa suala la mahali pa kijana katika ukoo.

3.0 Ahadi ya Miaka ya 1967–1976

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Andiko hilo lilikosoa elimu iliyowaandaa wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa, na lilidai mitihani ipunguziwe hadhi kwa kuwa ilipima zaidi kumbukumbu kuliko uwezo wa kufikiri na kufanya kazi. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa wote na kupunguza utegemezi wa mtihani wa maandishi.

Kuanzia mwaka 1976, maendeleo ya mwanafunzi shuleni yalihesabiwa nusu ya alama zake za mwisho, na mtihani wa taifa nusu nyingine. Kazi za darasani, kazi za mikono na mwenendo vilitakiwa kuzingatiwa. Kwa mwanafunzi anayesoma polepole, hii ilikuwa ahadi kubwa. Mwalimu anayemwona kila siku angeweza kuthamini bustani aliyoilima, jibu alilolitoa kwa mdomo na hatua aliyopiga tangu muhula uliopita. Mambo ambayo msahihishaji asiyemjua hawezi kuyaona.

Hata hivyo, ahadi hiyo haikumfikia mara moja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa chujio. Kijana mwenye ugumu wa kusoma alichujwa kabla hajakutana na upimaji endelevu. Ingawa Jumuiya ya Wazazi na makanisa walifungua sekondari nyingine, wengi wa vijana wa aina hii waliishia shambani au sokoni.

4.0 Mlango Unafunguka, Mizani Inaongezeka

Hali ilibadilika baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004. Shule za kata zilijengwa hadi vijijini mlimani, na kuanzia Januari 2016 elimu bila malipo iliongeza wanafunzi zaidi. Kijana aliyekuwa akichujwa sasa aliingia kidato cha kwanza. Aliingia pia katika lugha mpya: baada ya miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili, masomo karibu yote yalifundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Mabadiliko hayo yaliuficha ugumu wake, kwani darasa zima lilihangaika na lugha, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hakuwa na njia rahisi ya kumtofautisha asiyejua Kiingereza na asiyeweza kusoma barabara katika lugha yoyote.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yalizua mjadala wa kitaifa. Mwaka 2013 serikali ilifuta matokeo hayo na kuagiza yachakatwe upya, kisha wizara ikatangaza mgawanyo mpya: alama 60 za mtihani wa mwisho na 40 za upimaji endelevu. Muundo wa alama hizo 40 unastahili kuangaliwa kwa makini. Mtihani wa kidato cha pili ulipewa alama 15, matokeo ya kidato cha tatu 10, mtihani wa majaribio wa kidato cha nne 10, na kazi mradi 5. Kwa maneno mengine, alama 35 kati ya 40 zilitokana na mitihani mingine. Baadaye mgao wa upimaji endelevu ulipunguzwa hadi 30. Jina lilibaki lile la mwaka 1976. Maudhui yalikuwa yamebadilika. Kijana aliyeogopa siku moja ya hukumu sasa alikuwa na siku nyingi za hukumu, na kila moja ilimfuata hadi ya mwisho.

5.0 Patandi na Pengo la Utambuzi

Ni jambo la kutafakari kwamba katika miteremko hiyohiyo, huko Tengeru, kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kwa ajili ya nchi nzima. Tanzania ilishiriki mkondo wa elimu jumuishi uliopata nguvu kwa Tamko la Salamanca la mwaka 1994, ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Katika mitihani ya taifa, wasioona waliandaliwa karatasi za breli, wenye uoni hafifu maandishi makubwa, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa nyongeza.

Hapo ndipo pengo linapoonekana. Makundi yaliyozoeleka katika taarifa za mitihani ni ya wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Ulemavu unaoonekana ulipata nafasi. Ugumu wa kusoma usioonekana haukupata jina. Aidha, nafuu hizo zililenga mtihani wa taifa, ilhali alama za maendeleo hutokana na majaribio ya shuleni, ambako nafuu hutegemea busara ya mwalimu. Mtahiniwa anaweza kupewa dakika za ziada siku ya mwisho baada ya kunyimwa dakika hizo miaka mitatu.

6.0 Msaada Unaotokana na Historia

Historia hii inaonyesha kwamba msaada wa kwanza ni kurudisha maana ya daftari la maendeleo. Alama 23 kwa 100 inamwambia mzazi kwamba mtoto ameshindwa. Haimwambii kama alishindwa kusoma swali, kuelewa somo au kumaliza kwa wakati. Mwalimu akiandika kosa pamoja na alama, na akajaribu kumsomea mwanafunzi swali kwa sauti na kupokea jibu la mdomo, atajua mara moja pa kuanzia.

Msaada wa pili ni wa nyumbani. Ratiba ya majaribio ya muhula ikijulikana mapema, maandalizi hugawanywa katika vipande vidogo vya kila siku, badala ya mkesha mmoja au tuisheni inayorudia yaleyale kwa kasi ileile. Wa tatu ni kulinganisha mwanafunzi na hali yake ya jana. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Lakini ripoti ya muhula inayomwambia kijana kuwa ni wa mwisho darasani ina uchungu kwake kuliko orodha yoyote ya taifa, kwa sababu inasomwa mbele ya baba na mama.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upimaji endelevu ulizaliwa na nia ya kumjua mwanafunzi, ukaendelezwa kama njia ya kukusanya alama zake. Kijana mwenye ugumu wa kujifunza ndiye anayeudhihirisha mgeuko huo, kwa kuwa kwake tofauti ya kujulikana na kuhesabiwa ni tofauti ya kuendelea na kuacha shule. Mlimani Meru, ambako ardhi haitoshi tena kuwa urithi, kumpima kijana huyo mara nyingi bila kumjua hata mara moja ni kumnyima urithi uliobaki.