MAPINDUZI SI MZUNGUKO

Neno la Kiingereza "revolution" lina sura mbili. Katika kitabu cha mwanasayansi Copernicus cha mwaka 1543, asili yake ya Kilatini ilieleza mizunguko ya sayari: kwenda na kurudi pale pale. Wafaransa walipoangusha ufalme baada ya 1789, maana ya kuvunja mfumo wa zamani ikashika mizizi. Kiswahili kimezitenga maana hizo: dunia hulizunguka jua, Wazanzibari, Januari 12, 1964, walipindua. Hapa Buzebazeba twaelewa: mtumbwi hupinduliwa ufukweni ili ufa uonekane, uzibwe. Kubadili watawala na kuuacha unyonyaji ni mzunguko tu. Kada hana budi kujiuliza: tumepindua, au tumezunguka?