Ufa Uliokwisha Kujulikana

Historia ya kuilinda kompyuta ya Windows husimuliwa kama vita: upande mmoja wadukuzi wajanja, upande wa pili kampuni za antivairasi, na katikati mwenye kompyuta aliyeponzwa na uzembe wake. Simulizi hiyo inanoga, lakini ukiipima kwa kalenda haisimami. Mashambulizi mengi yaliyovuma kati ya 2003 na 2017 yalipitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuutangaza na kuutolea kiraka. Mnyoo wa Slammer, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulilipuka tarehe 25 Januari 2003 kwenye seva za hifadhidata, na kiraka chake kilikuwa kimetoka Julai 2002. Blaster ulifika tarehe 11 Agosti 2003, siku 26 baada ya kiraka. Sasser wa Aprili 2004 ulichukua siku 17, Conficker wa Novemba 2008 kama wiki nne, na programu haribifu ya WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017 siku 59. Anayetaka kuielewa historia hii basi aache kwanza kuuliza nani alikitunga kirusi, aulize siku hizo zilipotelea wapi. Jibu langu ni kwamba zilipotea kwa sababu kazi ya kuziba ufa alibebeshwa mtu ambaye mara nyingi hakuwa na njia ya kuifanya, na kwamba kila nafuu ya maana iliyopatikana ilitokana na kumtua mzigo huo.

Chukua Blaster. Kompyuta iliyoambukizwa ilitoa kisanduku kidogo chenye saa inayohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha ikajizima na kujiwasha upya. Ili kupata kiraka ilibidi uingie kwenye intaneti, na intaneti ndiyo njia mnyoo uliyokuwa ukipitia. Windows XP ilikuwa na fayawoli yake tangu 2001, ila ilitoka kiwandani ikiwa imezimwa, na aliyetaka kuiwasha alipaswa kwanza kujua kwamba ipo. Aliyeandika mnyoo huo alificha ndani yake ujumbe wa kumsuta Bill Gates, akimtaka aache kuchuma fedha na atengeneze programu zake. Maneno ya mhalifu, lakini kwa hilo hakukosea sana. Gates mwenyewe alikuwa amewaandikia wafanyakazi wake Januari 2002 kwamba usalama utangulie mapambo mapya, na kazi ya kuunda Windows ikasimamishwa kwa wiki kadhaa ili waandishi wa programu wafunzwe. Nia hiyo ilichelewa kufika mezani kwa mtumiaji. Oktoba 2003 viraka vilianza kutolewa kwa ratiba, Jumanne ya pili ya kila mwezi, na Agosti 2004 ukaja mkupuo wa pili wa marekebisho ya XP, ambao uliiwasha fayawoli bila kumwomba mtu ruhusa. Ratiba hiyo ilikuja na gharama, kwani kiraka chenyewe ni ramani ya ufa: mdukuzi hulinganisha faili la zamani na jipya, akaona palipobadilishwa. Tangu hapo aliyechelewa akawa hatarini zaidi kuliko ilivyokuwa kabla kiraka hakijatoka.

Na wako waliochelewa bila hiari. Mkupuo ule wa 2004, kwa aliyetaka kuushusha mzima, ulikuwa na uzito wa megabaiti 266. Kwa laini ya simu ya wakati huo ilikuwa kazi ya zaidi ya saa 10, mradi laini isikatike na dakika zisikuishie. Mpaka mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 2009, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kafe nzima iligawana laini moja. Dawa ikawa fundi. Mashine ikizidiwa, fundi alipiga Windows upya kwa CD aliyokuwa nayo, mara nyingi nakala ya XP ya mwanzoni yenye nyufa zote wazi, na mteja akaondoka na kompyuta nyepesi ambayo ingeugua tena punde. Kuhusu nakala za wizi, hoja huwa kwamba aliyeiba asilalamike. Lakini Microsoft yenyewe, ilipoanza kukagua uhalali wa nakala mwaka 2005, iliacha viraka vya usalama viendelee kuzifikia hata zisizo halali, ikijua kwamba mashine moja iliyooza hueneza kwa jirani aliyelipa. Hofu ya kugunduliwa ndiyo iliyowafanya watu wazime masasisho yote kwa pamoja.

Conficker ulijua kuishi katika mazingira hayo. Toleo lake la Desemba 2008 halikuhitaji intaneti, lilipanda flashi. Ukiichomeka, Windows ilifungua kidirisha cha kuuliza unataka kufanya nini. Mstari wa juu ulikuwa na picha ya folda ya manjano na maneno ya kufungua folda uone mafaili. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wenye picha ileile na maana ileile. Tofauti ilikuwa kwenye kichwa cha habari tu: ule wa juu ulikaa chini ya maneno ya kuweka au kuendesha programu, na huo ndio uliokuwa mnyoo. Ukishaingia, ulizuia tovuti za kampuni za antivairasi na ya masasisho ya Windows, mgonjwa asilione duka la dawa. Jeshi la majini la Ufaransa na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza zilikumbwa Januari 2009, na sidhani kuna atakayesema zilikosa wataalamu. Hapakukosekana mahubiri ya kuwataka watu wapitishe antivairasi kabla ya kufungua flashi. Uamuzi mzito ulikuja Februari 2011, Microsoft ilipotuma sasisho la kuondoa kwenye XP na Vista tabia ya flashi kupendekeza programu ya kuendeshwa. Kuanzia hapo mtego wa folda mbili ukakosa pa kutegwa.

Mtu anaweza kunipinga kwa barua ya mapenzi. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilitoka Manila na kuzunguka dunia kwa siku moja, na hakikuhitaji ufa wowote: watu walifungua kiambatisho kwa mikono yao. Hilo ni kweli, na hakuna kiraka cha kuziba tamaa ya kupendwa. Ila tazama walichokiona. Faili lilikuwa na jina linaloishia TXT, kisha nukta na herufi VBS zinazolitambulisha kuwa programu. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilizificha herufi hizo za mwisho ili skrini ipendeze. Mtu alidhani anafungua maandishi matupu. Mwezi uliofuata Microsoft ilitoa sasisho la Outlook lililokataa kabisa viambatisho vya aina hiyo. Aliyedanganywa alilaumiwa kwa kutoona kitu kilichofichwa na aliyemuuzia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo nalikubali nusu. Ziko nyufa zinazotumiwa kabla hazijajulikana, kama zile za mnyoo wa Stuxnet mwaka 2010, na kuna masasisho ambayo yenyewe ndiyo balaa. NotPetya, programu haribifu ya tarehe 27 Juni 2017, iliingia Ukraine kupitia masasisho ya programu ya kodi ya M.E.Doc, na kwa kuwa iliiba pia nywila, hata mashine zenye viraka hazikupona. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi, liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows bila mdukuzi yeyote kuhusika. Kwa mabalaa ya namna hii hakuna kinga kamili isipokuwa nakala iliyowekwa mbali na mtandao. Kampuni ya meli ya Maersk iliambukizwa na NotPetya, na seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji, ambazo zilikuwa zikihifadhiana nakala zenyewe kwa zenyewe, zikafutika karibu zote. Ikabaki moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika shambulio lilipopita. Intaneti ya huko ilikuwa ya polepole mno kuzituma data zile kwa waliokuwa wakirekebisha mifumo Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza, kwa hiyo diski ilisafirishwa kwa ndege mpaka Nigeria, ikapokewa na mwenzao aliyeipeleka. Maersk iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara ilifika dola milioni 250 mpaka 300, kwa kampuni iliyookolewa na kukatika kwa umeme ambako hakuna aliyekupanga kuwa ulinzi.

Siku zile 59 za WannaCry nazo zina maelezo yasiyohitaji uzembe. Kati ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali za umma England, zisizopungua 80 ziliathirika, na kinyume cha uvumi wa wakati ule, kompyuta nyingi zilizoambukizwa duniani zilikuwa za Windows 7, iliyokuwa bado ikihudumiwa, wala si XP kuukuu. Kompyuta iliyofungwa kwenye mashine ya picha za mwili haiguswi bila idhini ya aliyeitengeneza, na idhini hiyo haifuati ratiba ya Jumanne.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 iliacha kupewa viraka vya kawaida. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani za kuanzia 2017, isipokuwa chache za kabla yake. Kompyuta mpakato ya 2015 iliyotolewa ofisini Ujerumani na kuuzwa tena Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, haipiti hapo, ingawa inafanya kazi vizuri. Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa viraka, hadi Oktoba 2026. Katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya mtu binafsi anavipata bure kwa kuingia kwenye akaunti yake. Mashine ileile ikishavuka bahari, mwenyewe anatakiwa alipe dola 30, au atoe pointi 1,000 za Microsoft, au akubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye seva za kampuni hiyo.